Kuziba Mwanya kwa Kiswahili: Istilahi za Usalama wa Vivinjari na Mtumiaji wa Daraja Mbili, Arusha

Ikisiri

Makala hii inachunguza istilahi za Kiswahili zinazohusu kasoro za usalama katika vivinjari vya wavuti na kazi ya kuziondoa kasoro hizo. Inaanza kwa kueleza dhana zenyewe, kisha inachanganua maneno yanayotumika kuzitaja: kivinjari, mwanya, ufa, tundu, kiraka na sasisho. Mazingira ya mfano ni kata ya Daraja Mbili katika Jiji la Arusha. Hoja kuu ni kwamba istilahi za uwanja huu hazina budi kupimwa pia kwa uwezo wake wa kumfanya mtumiaji atende kwa wakati, kwani kuchelewa kuelewa ni sehemu ya hatari yenyewe.

1.0 Utangulizi

Tangu kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1970, kazi ya kukuza istilahi imezaa orodha nyingi za taaluma mbalimbali. Mjadala wa wanaisimu kuhusu orodha hizo umejikita zaidi katika mbinu za uundaji: unyambulishaji, uambatanishaji, upanuzi wa maana, tafsiri sisisi na utohozi. Aidha, vigezo kama vile vinavyojulikana kwa jina la PEGITOSCA vimependekezwa ili kupima ubora wa istilahi. Vigezo hivyo vinahimiza, miongoni mwa mambo mengine, usahihi, iktisadi, uwazi na kukubalika.

Katika taaluma nyingi msomaji wa istilahi ni mwanafunzi au mtaalamu, naye anao muda wa kurudi kwenye kamusi. Usalama wa kompyuta ni uwanja wa namna nyingine. Hapa istilahi humfikia mtu wa kawaida katika ujumbe mfupi unaojitokeza kwenye kioo cha simu, naye hutakiwa kuamua papo hapo: akubali au akatae. Asipoelewa, hukataa au huahirisha, na madhara yake yanaweza kuwa kupotea kwa neno la siri, fedha au taarifa zake binafsi. Kwa sababu hiyo makala hii inashughulikia istilahi ambazo maana yake inapaswa kugeuka kitendo.

Kata ya Daraja Mbili imechaguliwa kuwa mazingira ya mfano kwa sababu mbili. Kwanza, ni sehemu ya mji ambako watu wa lugha nyingi za asili hukutana katika Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho lugha ya duka, ya karakana na ya simu. Pili, majina ya kata za Arusha yenyewe ni somo la uundaji wa istilahi. Ngarenaro ni jina la Kimaasai lenye maana ya maji meusi. Unga Limited, kama umbo lake linavyoonyesha, limechukua jina la kampuni pamoja na neno lake la kigeni. Daraja Mbili limeundwa kwa maneno ya Kiswahili, lakini halifuati upatanisho wa ngeli, kwa kuwa sarufi sanifu ingetarajia madaraja mawili au daraja la pili. Hata hivyo hakuna mkazi anayepotea njia kwa sababu ya upatanisho huo. Kukubalika kwa jina kumetokana na matumizi, wala si na idhini ya mwanasarufi. Funzo hili litarejewa katika sehemu ya nne.

Yafaa ieleweke kuwa makala hii ni ya uchanganuzi wa dhana na istilahi. Haikukusudia kuhesabu watumiaji wala kupima kiwango cha uelewa wao.

2.0 Dhana ya mwanya katika kivinjari

Kivinjari ni programu inayoleta kurasa za wavuti kutoka kwenye kompyuta za mbali na kuzionyesha kwa mtumiaji. Vivinjari vya kwanza vilionyesha maandishi na viungo, na baadaye picha. Mosaic, kilichotolewa mwaka 1993 nchini Marekani, kiliifanya wavuti ipendwe na watu wasio wataalamu. Netscape Navigator kilifuata Desemba 1994, na Internet Explorer cha Microsoft mwaka 1995. Katika mwaka huohuo wa 1995 lugha ya JavaScript iliingizwa katika kivinjari cha Netscape. Badiliko hili lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana, kwani tangu hapo ukurasa haukuwa tena maandishi ya kusomwa tu, bali pia maagizo ya kutekelezwa. Kila ukurasa unaofunguliwa ukawa mgeni anayeingia na mzigo wake, na kivinjari ndicho kinachoufungua mzigo huo ndani ya nyumba ya mwenyeji.

Kasoro za usalama katika programu ya aina hiyo zinaweza kugawanywa katika makundi matatu makuu.

Kundi la kwanza ni la makosa ya kumbukumbu. Vivinjari vikubwa vimeandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha za C na C++, ambazo humwachia mwandishi wa programu jukumu la kuhakikisha kwamba data haivuki eneo lililotengwa. Mfano wake ni karani aliyepewa daftari la mistari 10, akaletewa majina 11, naye akaliandika jina la mwisho katika daftari la jirani bila kujua. Mshambulizi hutafuta kosa la namna hiyo, kisha huchagua kwa makini jina la kumi na moja, ili kilichoandikwa kwa jirani kigeuke kuwa amri. Mwaka 2020 mradi wa Chromium, ambao ndio msingi wa kivinjari cha Chrome, ulitangaza kwamba takriban asilimia 70 ya hitilafu zake kubwa za usalama zilitokana na kumbukumbu.

Kundi la pili ni la kuvunja mipaka kati ya tovuti na tovuti. Kivinjari hulazimika kuhakikisha kwamba ukurasa wa michezo uliofunguliwa upande mmoja hausomi ukurasa wa benki uliofunguliwa upande mwingine. Kanuni hiyo ya kutenganisha asili ilianza katika Netscape katikati ya miaka ya 1990. Kila panapopatikana njia ya kuikwepa, siri za tovuti moja huwa wazi kwa nyingine.

Kundi la tatu ni la udhaifu katika usimbaji. Mfano wa awali ni ule wa Septemba 1995, ambapo Ian Goldberg na David Wagner, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba Netscape kilizalisha funguo zake za siri kwa kutegemea mambo yanayoweza kukisiwa, yakiwemo saa ya kompyuta na namba za michakato inayoendeshwa. Kufuli lilikuwa imara, lakini ufunguo uliweza kubahatishwa. Netscape walirekebisha kasoro hiyo katika toleo lililofuata.

Jambo moja linayaunganisha makundi yote matatu: kasoro huwamo tangu siku programu ilipoandikwa. Kinachobadilika ni ujuzi wa watu kuhusu kuwapo kwake. Nukta hii ni ya msingi katika uchanganuzi wa istilahi unaofuata, kwa sababu baadhi ya maneno yanayopendekezwa hubeba picha iliyo kinyume chake.

3.0 Kiraka na muda

Kasoro ikishagunduliwa na mtengenezaji, hutolewa kiraka, yaani kipande cha programu kinachorekebisha sehemu yenye kasoro bila kuandika upya programu nzima. Kwa mawazo ya kawaida hatari huisha siku hiyo. Ukweli ni kwamba kwa mtumiaji ambaye hajakipokea kiraka, hatari huongezeka. Kabla ya siku hiyo kasoro ilijulikana kwa wachache au haikujulikana kabisa. Baada yake mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kulinganisha toleo la zamani na jipya, akaona ni wapi parekebishwa, na kutokana na marekebisho akaifahamu kasoro. Kiraka, kwa maneno mengine, ni dawa na tangazo kwa wakati mmoja.

Tukio la mwaka 2010 linaonyesha uzito wa muda huo. Tarehe 12 Januari 2010 kampuni ya Google ilitangaza kwamba ilikuwa imeshambuliwa, na ikabainika kwamba washambulizi walitumia kasoro ya Internet Explorer iliyokuwa haijapata kiraka. Serikali za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi kutumia vivinjari vingine kwa muda. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 21 Januari, nje ya ratiba yake ya kila mwezi iliyoanza mwaka 2003.

Tukio la pili ni la Septemba 2023. Tarehe 6 mwezi huo kikosi cha usalama cha Apple na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto waliripoti kasoro katika maktaba ya programu inayofungua picha za aina ya WebP. Google ilitoa kiraka cha Chrome tarehe 11, na Mozilla ikatoa cha Firefox tarehe 12. Maktaba hiyo ilikuwa ikitumiwa pia na programu nyingine nyingi, hivyo kasoro moja ilihitaji kuzibwa katika milango mingi. Picha, ambayo kwa mtumiaji ni kitu cha kutazamwa tu, ilikuwa na uwezo wa kuwa njia ya kupenyea.

Watengenezaji wameitikia hali hii kwa kufupisha muda. Tangu Agosti 2023 Chrome kimekuwa kikitolewa viraka vya usalama kila wiki. Maana yake ni kwamba mtumiaji anayeahirisha kwa mwezi mmoja hubaki nyuma kwa viraka kadhaa, kila kimoja kikiwa kimekwisha kutangaza kilichokuwa kikifichwa.

Kuna pia upande wa pili wa muda, nao ni ule wa vifaa ambavyo havitapata viraka tena. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 lilikuwa la 109, la mwaka 2023. Internet Explorer 11 kiliachwa kwa matumizi ya kawaida tarehe 15 Juni 2022. Kwa upande wa simu, mapema mwaka 2015 ilidhihirika kwamba Google haitatoa tena viraka kwa sehemu ya kuonyesha kurasa iliyomo ndani ya Android 4.3 na matoleo yaliyotangulia. Kuanzia Android 5.0, ya mwaka 2014, sehemu hiyo ilianza kusasishwa peke yake, bila kungoja kubadilishwa kwa mfumo mzima wa simu. Vifaa vya zamani havikuacha kuwaka siku hizo. Viliendelea kufanya kazi, na kufanya kazi huko ndiko kunakomdanganya mwenye navyo.

4.0 Uchanganuzi wa istilahi

4.1 Kivinjari

Neno kivinjari limeundwa kwa kiambishi ki- cha ngeli ya ala na kitenzi vinjari. Limeshindana na kiperuzi, linalotokana na kitenzi kilichotoholewa, peruzi, ambacho kinasikika sana katika mazungumzo ya Tanzania. Pia utohozi wa moja kwa moja, brauza, unasikika miongoni mwa mafundi. Katika matumizi ya kamusi za awali, kuvinjari ni kuzungukazunguka, hasa baharini, kwa ajili ya kuangalia hali, yaani kufanya doria. Maana ya matembezi ya starehe ni ya ziada. Kwa hiyo neno lililochaguliwa kwa sababu ya maana ya kuzurura katika kurasa lina pia maana ya ulinzi, na mwalimu anaweza kuitumia bila kulazimisha: mwenye kuvinjari ni mtu aliye macho.

4.2 Udhaifu, tundu, ufa na mwanya

Dhana ya kasoro inayoweza kutumiwa na mshambulizi imetajwa kwa maneno kadhaa. Udhaifu ndilo linalotumika zaidi katika maandishi rasmi. Neno hili ni sahihi lakini ni pana mno: udhaifu waweza kuwa wa mtu, wa sera au wa hoja. Tundu lina picha ya wazi, ila halina maana ya hatari. Sindano ina tundu, nalo ndilo faida yake.

Ufa una nguvu ya pekee kwa sababu ya methali inayofahamika na kila msemaji: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inafundisha gharama ya kuahirisha, jambo ambalo ndilo kiini cha somo la viraka. Pamoja na hayo, ufa una kasoro ya kidhana. Ukuta hujengwa mzima, kisha hupata ufa kutokana na umri, tetemeko au msingi kutitia. Mtumiaji anayeifuata picha hiyo atahitimisha kwamba kitu kipya hakina ufa, na kwamba kivinjari kilichosakinishwa jana hakihitaji kuangaliwa. Kama ilivyoelezwa katika sehemu ya pili, hali sivyo ilivyo. Kasoro ilikuwamo tangu mwanzo, na toleo jipya nalo linazo zake ambazo hazijagunduliwa.

Neno mwanya linaepuka kasoro hiyo. Mwanya ni nafasi iliyopo kati ya vitu viwili, kama ule wa kati ya meno, ambao mtu anaweza kuzaliwa nao. Zaidi ya hayo, mwanya una maana ya pili ya fursa: mtu husemwa amepata mwanya pale aliposubiri na kuona njia. Maana zote mbili zinakutana katika dhana inayojadiliwa, kwa sababu kasoro ya programu ni nafasi iliyoachwa na fundi na papo hapo ni fursa kwa mshambulizi. Tena Kiswahili cha Tanzania kina usemi uliokwisha kukomaa wa kuziba mianya, unaotumiwa katika mijadala ya rushwa na ya ukwepaji kodi. Msikilizaji wa redio anaufahamu bila kufundishwa. Kwa kigezo cha usahihi, cha uwazi na cha kukubalika, mwanya wa usalama ni istilahi bora kuliko zilizotangulia. Ufa ubaki katika methali, ambako kazi yake ni kuhimiza.

4.3 Kiraka na sasisho

Kiraka ni upanuzi wa maana ya kipande cha nguo kinachoshonewa mahali palipotoboka. Picha yake inalingana na ile ya neno la Kiingereza, hivyo inaweza kuhesabiwa kuwa tafsiri sisisi. Pingamizi dhidi yake ni la kijamii: nguo yenye viraka ni alama ya ufukara, na mtu anaweza kudhani programu yenye viraka vingi ni programu mbovu. Katika programu mambo ni kinyume, kwani isiyopata viraka ndiyo ya kutiliwa shaka. Hata hivyo pingamizi hilo limeanza kupunguzwa nguvu na lugha ya michezo. Watangazaji wa kandanda humwita mchezaji kiraka yule awezaye kuziba nafasi yoyote uwanjani, na hiyo ni sifa. Kiraka, basi, kimekwisha kuhama kutoka kwenye aibu ya kanzu hadi kwenye heshima ya timu, nalo ni neno linalofaa kubakizwa.

Sasisho lina historia tofauti. Kitenzi sasisha kimenyambuliwa kutoka kielezi sasa, kwa njia iliyozaa hakikisha kutoka hakika, karibisha kutoka karibu na rahisisha kutoka rahisi. Kutoka hapo nomino sasisho, wingi masasisho, imepatikana kwa kiambishi tamati -o. Kwa kigezo cha mfumo, neno hili halina dosari. Linashindana na kuhuisha, linalopendwa katika ofisi kwa maana ya kurekebisha taarifa, na kuapdeti, ambalo ndilo neno la mtaani.

Tatizo la sasisho ni la kisemantiki. Mzizi wake unasema juu ya wakati, yaani kukifanya kitu kiwe cha sasa. Hausemi lolote juu ya hatari. Mtumiaji anayeambiwa kwamba sasisho linapatikana huelewa kwamba kuna kitu kipya zaidi, kama vile kuna mtindo mpya wa viatu. Aliye na viatu vizima hana haraka ya kununua vingine. Ukweli ni kwamba neno hilo moja linafunika mambo mawili yasiyolingana: mabadiliko ya sura na vipengele, ambayo yaweza kungoja, na viraka vya mianya, ambavyo haviwezi. Linganisha ujumbe huu miwili, iliyotungwa hapa kwa ajili ya mfano:

(1) Sasisho linapatikana. Sakinisha sasa au baadaye.

(2) Toleo hili lina mwanya unaoweza kutumiwa kuiba neno lako la siri. Kiraka kimetolewa. Sasisha leo.

Sentensi za (1) ni sanifu na fupi. Zinatosheleza kigezo cha iktisadi. Hazimpi msomaji sababu yoyote ya kutenda, na neno baadaye linampa ruhusa ya kutotenda. Sentensi za (2) ni ndefu zaidi, lakini zinataja hatari, kinga na muda. Inaonekana, basi, kwamba katika ujumbe wa usalama iktisadi haina budi kuwekwa chini ya uwazi.

4.4 Mwanya wa siku sifuri

Istilahi inayorejelea kasoro inayotumiwa na washambulizi kabla mtengenezaji hajatoa kiraka imetafsiriwa neno kwa neno kuwa mwanya wa siku sifuri. Tafsiri hii inaeleweka tu kwa anayejua kwamba siku zinazohesabiwa ni zile alizokuwa nazo mtengenezaji kujiandaa. Kwa asiyejua, ni fumbo. Pendekezo la makala hii ni mwanya usio na kiraka, ambalo linajieleza lenyewe na linajenga mfumo na istilahi mbili zilizotangulia. Linasaidia pia kutofautisha mashauri: penye mwanya usio na kiraka, mtumiaji anaweza kushauriwa kuhamia kivinjari kingine kwa muda, kama ilivyofanyika Ulaya mwaka 2010, penye kiraka, shauri ni moja tu, nalo ni kukipokea.

5.0 Mtumiaji wa Daraja Mbili na mazingira yake

Istilahi bora haitoshi pasipo kuangalia hali ya anayeisoma. Kwa mkazi wa Daraja Mbili kivinjari ni mlango wa huduma za taifa. Matokeo ya mitihani ya Baraza la Mitihani hutazamwa kwa kivinjari. Maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu na maombi ya ajira za serikali hujazwa mtandaoni. Kijana asiye na kompyuta huyajaza katika duka la steshenari, na pale huacha, asipoangalia, jina lake, namba zake na neno lake la siri katika kivinjari cha mashine isiyo yake. Kama mashine hiyo inaendeshwa na mfumo usiohudumiwa tena, mwanya mmoja unaweza kuwagusa watu wengi waliopita dukani hapo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na uwezo wa kukisasisha kivinjari hicho.

Mwenye simu yake ana kikwazo kingine, nacho ni gharama. Intaneti hununuliwa kwa bando, na kila megabaiti ina bei. Masasisho yanaonekana kuwa mzigo unaokula bando bila kuleta kinachoonekana. Kuyazima ni uamuzi wenye mantiki ya kiuchumi, wala hautokani na ujinga. Elimu inayomlaumu mtumiaji bila kulitambua jambo hili haitasikilizwa. Shauri lenye manufaa ni kutenganisha: kivinjari na programu za fedha ziruhusiwe kujisasisha, na michezo na mapambo yangoje.

Kikwazo cha tatu ni cha lugha moja kwa moja. Wapo walaghai wanaotengeneza kurasa zinazodai kwamba kivinjari kimepitwa na wakati na kumtaka msomaji abonyeze ili kukisasisha. Anachopakua ni programu haribifu. Kanuni ya kutofautisha ni nyepesi: sasisho la kweli hutoka katika mipangilio ya kivinjari chenyewe au katika duka rasmi la programu za simu, wala halitoki ndani ya ukurasa uliofunguliwa. Lakini kanuni hiyo haiwezi kufundishwa kwa mtu asiyekuwa na maneno tofauti ya kivinjari na ukurasa. Akiviita vyote viwili mtandao, kama inavyosikika mara nyingi, hana njia ya kuuliza swali linalomwokoa: ni nani anayesema nami, kivinjari au ukurasa? Hapa upungufu wa istilahi unageuka kuwa mwanya wenyewe.

Taifa limekwisha kuweka misingi ya kisheria na ya kitaasisi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina kitengo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT, kilichotokana na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria huadhibu mwizi na humwajibisha mwenye kutunza taarifa. Haiwezi kumbandikia mtu kiraka katika simu yake.

Kwa upande wa lugha, ipo mifano ya kuigwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyowekwa katika Kiswahili. Umuhimu wa kazi hiyo kwa mwanaistilahi ni kwamba maneno yalitungwa yakiwa mahali pake pa kazi, katika menyu na vitufe. Neno lisilofaa lilionekana mara moja kwa sababu mtu alishindwa kufanya kazi. Baadaye Chrome na Android navyo vikapata sura za Kiswahili, ambamo maneno kama sasisha yamewafikia watu wasiowahi kuona orodha ya istilahi.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchanganuzi uliofanywa, istilahi zifuatazo zinapendekezwa zitumiwe kwa uthabiti katika ufundishaji na katika ujumbe wa programu:

(3a) Hitilafu: kosa lolote katika programu, liwe na hatari au lisiwe nayo.
(3b) Mwanya wa usalama: hitilafu inayoweza kumpa mshambulizi njia.
(3c) Mwanya usio na kiraka: mwanya unaotumiwa na washambulizi kabla ya kiraka kutolewa.
(3d) Kiraka: marekebisho yanayoziba mwanya au kuondoa hitilafu.
(3e) Sasisho: toleo jipya kwa jumla, ambalo laweza kuwa na viraka, vipengele vipya, au vyote viwili.
(3f) Toleo lisilohudumiwa: toleo ambalo mtengenezaji ameacha kulitolea viraka.

Pili, watafsiri wa programu watenganishe sasisho la usalama na masasisho mengine, na ujumbe wa usalama utaje hatari kabla ya kutaja kitendo. Tatu, orodha za istilahi za uwanja huu zijaribiwe na watumiaji wa kawaida kabla ya kusanifiwa. Mkazi wa Daraja Mbili, fundi simu na mwenye steshenari wapewe ujumbe na waulizwe wangefanya nini, badala ya kuulizwa kama neno linawapendeza. Vyuo vilivyoko Arusha, kikiwemo Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, vinaweza kushirikiana na idara za Kiswahili katika utafiti huo. Nne, maneno ya mtaani kama kuapdeti yasipuuzwe. Jina la Daraja Mbili linaonyesha kwamba matumizi yanaweza kushinda sarufi. Pale ambapo neno la mtaani ndilo linaloeleweka, liwekwe kando ya istilahi sanifu katika vipindi na vipeperushi hadi istilahi ipate mizizi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mianya ya vivinjari ni jambo la kudumu, kwa kuwa huzaliwa na programu yenyewe, na kwamba kinga yake kuu ni kufupisha muda kati ya kutolewa kwa kiraka na kupokelewa kwake. Sehemu moja ya muda huo hupotea katika gharama na katika uchakavu wa vifaa, mambo yaliyo nje ya uwezo wa mwanaisimu. Sehemu nyingine hupotea katika lugha, pale ambapo ujumbe umefika kwa wakati lakini maana yake haijafika. Kazi ya idara za Kiswahili imo katika sehemu hiyo ya pili. Kwa vile programu hubadilika kila wiki, orodha ya istilahi za uwanja huu nayo haiwezi kuchapishwa mara moja ikaachwa kwa miaka 20; yahitaji watunzaji wa kudumu, bajeti na njia ya kupokea malalamiko ya watumiaji. Utafiti unaofuata unapaswa kuanza na ujumbe halisi unaoonekana katika simu za watu, neno kwa neno, na kubainisha ni katika neno lipi msomaji huamua kubonyeza baadaye.